Kambi ya Kazi Kanyosha: Mgeni na Awafuate Wenyeji

Mwaka 1920, Pierre Cérésole wa Uswisi aliwakusanya watu wa mataifa mbalimbali katika kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, Ufaransa, wajenge upya yaliyobomolewa na vita. Walikuwamo Wajerumani, maadui wa jana. Ndiyo asili ya kambi za kimataifa za kazi za kujitolea.

Burundi nayo ilionja vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia mwaka 1993. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kijana wako akitaka kwenda kambini Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, na ajue kwamba huenda wapokezanao tofali wazazi wao walikuwa mahasimu.

Kazi haikosi. Mto Kanyosha hushuka kutoka milimani hadi Ziwa Tanganyika, na mvua kubwa humega kingo zake hata nyumba zikawa hatarini. Panahitajika miti ya kushika udongo, mitaro na matofali.

Lakini mgeni asijifanye mwalimu: Warundi wana desturi ya kazi za pamoja Jumamosi asubuhi. Aulize kwanza kama kazi hiyo imeombwa na wenyeji. Asimnyang'anye fundi mwashi riziki yake. Amsogezee udongo na maji, fundi ajenge. Tena ajifunze kuamkia “Amahoro”, yaani amani. Kiswahili nacho kitamfaa mjini.

Askari aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa anaelewa: uliyechimba naye mtaro mmoja si rahisi kumwita adui.