Mnara wa Vibiana na Mpango Ulioanza na Kubomoa

Jumamosi ya tarehe 1 Juni 1996, winchi ilinyanyua kuba la mnara wa kengele wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Vibiana, katikati ya jiji la Los Angeles, Marekani. Kibali cha kubomoa hakikuwapo. Mwenye jengo, Jimbo Kuu Katoliki la Los Angeles, alisema mnara ni hatari kwa wapita njia. Watu wa Los Angeles Conservancy, chama cha kiraia kinachotetea majengo ya kale, walikimbilia mahakamani siku hiyohiyo wakapata zuio la muda. Kuba likawa limeshushwa, lakini mnara ukabaki umesimama.

Kanisa hilo la matofali lilizinduliwa mwaka 1876, wakati Los Angeles ni mji mdogo. Hata sensa ya 1880 ilikuta wakazi 11,183 tu. Jiji lilikua likilizunguka. Mwaka 1963 kanisa likaingizwa katika orodha ya jiji ya majengo ya kihistoria. Kisha tarehe 17 Januari 1994 likaja tetemeko la Northridge, nguvu zake 6.7, likapasua kuta, na mwaka uliofuata milango ikafungwa.

Hoja ya Jimbo Kuu haikuwa ya kupuuzwa. Waamini walikuwa mamilioni, kanisa halikuwatosha tena, na hakuna askofu anayependa kuwaingiza watu chini ya dari lenye nyufa. Kardinali Roger Mahony alitaka kanisa kuu jipya palepale. Kasoro ilikuwa kwamba kubomoa kulihesabiwa kama hatua ya kwanza ya ujenzi, jambo lisilohitaji mjadala. Hapo ndipo miradi mingi inapokwama: makao makuu yanapanga, fedha zinaahidiwa, msanifu anatafutwa, na swali la nini kifanyike na kilichopo linaachiwa mkandarasi wa kubomoa.

Kuwamo katika orodha peke yake kusingeliokoa kanisa. Kwa kanuni za jiji hilo, kuorodheshwa huchelewesha ubomoaji kwa takribani mwaka mmoja tu. Hakuuzuii moja kwa moja. Isitoshe, Baraza la Jiji lilipiga kura kuliondoa kanisa katika orodha ili njia iwe nyeupe. Kilichosaidia ni sheria ya mazingira ya California ya mwaka 1970, inayotaka athari za mradi zichunguzwe na njia mbadala zipimwe kabla ya uamuzi. Watetezi walirudi mahakamani kwa hoja hiyo wakashinda. Mahakama haikuliamuru Jimbo Kuu lihifadhi chochote. Ilitaka tu swali lililorukwa liulizwe kwanza.

Swali lilipoulizwa, majibu yalipatikana. Jimbo Kuu lilinunua kiwanja kingine mtaa wa Temple, likajenga kanisa kuu jipya lililosanifiwa na Mhispania Rafael Moneo, likawekwa wakfu tarehe 2 Septemba 2002. Mwaka 1999 jengo la zamani lilinunuliwa na mwendelezaji Tom Gilmore, aliyekuwa akifufua majengo chakavu ya katikati ya jiji. Kuta ziliimarishwa dhidi ya tetemeko, kuba likarudi mahali pake, na ukumbi ukafunguliwa kwa harusi, matamasha na mikutano. Sehemu ya kiwanja ilijengwa maktaba ya umma ya Little Tokyo, na nyumba ya mapadre baadaye ikawa mkahawa. Jengo likaanza kujilisha lenyewe.

Kuna kilichopotea, na kinaniuma. Masalia ya shahidi Vibiana yamehamia kanisa jipya, pamoja na vioo vya rangi. Waliobatizwa na kufunga ndoa pale wanaweza kuingia leo wakakuta meza za karamu mahali walipopiga magoti. Anayesema jengo limeokoka kikamilifu anahesabu matofali na kusahau sala. Hata hivyo, ukumbi ulio hai bado unaweza kumsimulia mtoto historia ya mji wake. Kiwanja kilichosawazishwa hakisimulii kitu.

Umiliki wa taasisi ya dini ni haki ya kweli, na waamini ndio wanaobeba gharama za matengenezo. Lakini jengo lililosimama zaidi ya karne moja limeshakuwa na jamaa wengine: majirani, mafundi, wapita njia, watu wa imani nyingine wanaolitumia kuelekezana njia. Mpango unaowasahau utakutana nao tu, kama si kikaoni basi mahakamani, na huko gharama ni kubwa kwa kila upande.

Kwa hiyo kamati yoyote ya ujenzi, iwe ya parokia, msikiti au halmashauri, ifanye kazi hii kabla ya kutangaza zabuni: ilete mhandisi asiye na maslahi katika ubomoaji, ipate gharama za kukarabati na za kujenga upya zikiwa zimewekwa sambamba, itafute nani mwingine anaweza kulitumia jengo na kulilipia, kisha iwaite majirani wasikilizwe kabla uamuzi haujapitishwa. Ikibainika kuwa lazima libomolewe, basi libomolewe mchana kweupe, kibali kikiwa mkononi. Los Angeles ililazimishwa na mahakama kufanya kazi hiyo. Sisi tunaweza kuianza kwa hiari.