Joto la Angani: Lipi Kweli, Lipi Uzushi?

Umeshayasikia haya, iwe kwenye daladala, darasani au kwenye simu: kwamba angani kila kitu huganda, kwamba satelaiti hufunikwa dhahabu, kwamba vihisi vinavyopima joto lake ni siri za mataifa makubwa. Mengine ni uongo mtupu, mengine yana ukweli nusu, na lipo moja ambalo wazee wetu walilijua kitambo nao hawakukosea. Tuyapitie.

"Angani ni baridi kali, kila kitu huganda papo hapo."

Uongo. Kitu hupoa haraka kinapogusana na kinachokinyang'anya joto: upepo, maji, sakafu ya saruji. Angani hakuna hewa, kwa hiyo joto hutoka kwa mnururisho peke yake, taratibu. Chupa ya chai hukaa na moto tangu alfajiri mpaka adhuhuri kwa sababu hiyohiyo: hewa iliyokuwa kati ya kuta zake mbili imeondolewa. Ndiyo maana wahandisi wa satelaiti mara nyingi huumiza kichwa namna ya kulitoa joto, si namna ya kulipata. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka Dunia kila baada ya dakika 90 hivi. Upande wake wa nje unaopigwa na jua unaweza kufika nyuzi 121 za Selsiasi, na ulio kivulini ukashuka hadi nyuzi 157 chini ya sifuri. Ukiulizwa angani kuna nyuzi ngapi, nawe uliza: kwenye kitu gani, upande upi?

"Kitoe kipimajoto nje ya chombo, kitakusomea joto la anga."

Uongo, na ukilielewa hili moja umeelewa karibu yote yanayofuata. Kihisi hakipimi kingine ila joto lake chenyewe. Huku chini kinaaminika kwa sababu hewa inakizunguka mpaka kinafanana nayo. Kwenye kimo cha kilomita 400, chembechembe za gesi zilizobaki zinaweza kuwa na joto la nyuzi 1,000, lakini ni chache mno, haziwezi kukipasha moto chochote. Kihisi chako kitasoma jua linavyokipiga, kivuli kinavyokipoza na rangi kilichopakwa.

Chombo cha Marekani kiitwacho Parker Solar Probe kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso wa Jua tarehe 24 Disemba 2024, ndani ya korona, yaani angahewa ya nje ya Jua, ambayo gesi yake ina zaidi ya nyuzi milioni moja. Ngao yake ya kaboni, yenye unene wa sentimita 11.4, ilikadiriwa kufika nyuzi 980 hivi upande wa mbele. Vifaa vilivyo nyuma yake vimepangiwa kukaa karibu na joto la kawaida la chumbani.

Kwa hiyo kazi ngumu ya fundi ni kuamua kihisi kikae wapi. Chukua mfano wa bomba la haidrazini, mafuta yanayotumiwa na satelaiti nyingi kujisukuma. Haidrazini huganda karibu na nyuzi 2, nyuzi mbili juu ya sifuri, hivyo bomba lake huzungushiwa hita. Fundi akibandika kihisi karibu mno na hita, atasomewa joto la hita huku mafuta yakiganda sentimita chache mbele, penye kona. Namba ni sahihi kabisa, ila ni ya mahali pengine.

"Vihisi vyenyewe ni vifaa vya ajabu, vya siri."

Uongo, kwa sehemu kubwa. Vingi ni themista, yaani kichembe cha oksidi za metali ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka joto linapopanda. Ndugu yake yumo kwenye kipimajoto cha kidijitali unachowekewa kwapani zahanati. Vingine ni vya platini. Aina moja inayotumika sana huwa na ukinzani wa omu 1,000 kwenye nyuzi 0, na omu 1,385 kwenye nyuzi 100. Kwenye joto la injini za roketi hutumika nyaya za metali mbili tofauti zilizounganishwa ncha, kwa kanuni aliyoigundua Thomas Seebeck mwaka 1821. Hakuna siri hapo.

Gharama inatoka kwingine. Kihisi hutikiswa kama kitakavyotikiswa na roketi, huchemshwa na kugandishwa ndani ya chemba isiyo na hewa, na gundi yake huchunguzwa isije ikatoa mvuke utakaokwenda kutua kwenye lenzi. Halafu kuna waya. Kila waya unaokwenda kwenye kihisi ni njia ya joto, na mkondo wa umeme wa kupimia nao hukipasha kihisi kidogo. Hilo si jambo dogo kwenye darubini ya angani ya James Webb, ambayo upande wake unaoelekea Jua una nyuzi 85 hivi na upande wa vioo uko karibu na nyuzi 233 chini ya sifuri. Kwenye baridi ya namna hiyo, nyaya huwa nyembamba sana, za aloi isiyopitisha joto kwa urahisi, na mkondo hupunguzwa mpaka kiwango cha chini kabisa kinachosomeka.

"Ile karatasi inayong'aa juu ya satelaiti ni dhahabu."

Uongo, mara nyingi. Ni plastiki ya rangi ya kaharabu iliyopakwa alumini kwa nyuma, ikapangwa tabaka juu ya tabaka. Dhahabu halisi ipo kwenye vioo vya James Webb, kwa kuwa huakisi vizuri miale ya infraredi.

"Nyeupe haishiki jua."

Kweli tupu. Kanzu nyeupe na kuta za chokaa za Lamu na Unguja zilishalithibitisha kabla roketi haijaruka. Rangi nyeupe hurudisha mwanga wa jua, lakini joto la ndani hulitoa kwa miale ya infraredi karibu sawasawa na rangi nyeusi. Ndiyo maana paneli za kupozea satelaiti hupakwa nyeupe au huvikwa vioo. Nyumba hupakwa chokaa upya kila inapochakaa; satelaiti haina bahati hiyo. Miale ya jua huifubaza rangi, paneli huanza kushika joto zaidi, na vihisi huonyesha chombo kikipanda joto kidogokidogo mwaka hadi mwaka.

"Kipimo kikisoma vizuri, basi mambo ni mazuri."

Uongo, na ni uongo wa hatari. Mwezi Machi 1970, tangi la oksijeni namba 2 la Apollo 13, chombo cha Marekani cha kwenda Mwezini, lilikataa kumwagika baada ya majaribio ya ardhini. Mafundi wakaamua kuichemsha oksijeni itoke kwa kuwasha hita za ndani kwa saa nyingi. Swichi za kuzima hita joto likifika nyuzi 27 zilitengenezwa kwa volti 28. Mitambo ya uwanjani ilikuwa ikisukuma volti 65. Zilipojaribu kukata umeme, ncha zake zikayeyuka na kushikana.

Kihisi kilikuwepo, na mshale ulionekana. Ila kipimo hicho hakikuweza kuonyesha zaidi ya nyuzi 27. Mshale ukasimama pale ukingoni, ukisoma joto la siku ya kawaida, wakati joto la ndani linakadiriwa kuwa lilifika nyuzi 540 hivi na plastiki iliyofunika nyaya ikaharibika. Tarehe 13 Aprili, zaidi ya kilomita 320,000 kutoka nyumbani, mwanaanga Jack Swigert aliwasha feni za kukoroga tangi kama alivyoagizwa, na tangi likalipuka. Wanaanga wote watatu walirudi salama. Mpaka leo naona somo lake halifundishwi vya kutosha: ukisoma namba, uliza kwanza kipimo chako kinaishia wapi.

"Kihisi kilichokufa hakina habari tena."

Uongo. Asubuhi ya 1 Februari 2003, wakati chombo cha Columbia kikirudi duniani, vihisi vinne vya joto kwenye mfumo wa haidroli wa bawa la kushoto vilianguka hadi chini kabisa ya kipimo, kimoja baada ya kingine. Hapakuwa na baridi: gesi ya moto ilikuwa imeingia kupitia tundu kwenye ukingo wa bawa na inakata nyaya. Wanaanga saba walifariki. Wachunguzi walitumia mpangilio wa nyaya zilivyokatika, upi kwanza na upi baadaye, kuchora njia moto uliyopita ndani ya bawa.

Kinyume chake pia hutokea, kihisi kimoja kikabaki kusema peke yake. Tarehe 15 Disemba 1970 chombo cha Kisovieti, Venera 7, kilijibamiza kwenye sayari ya Zuhura. Swichi ya kubadilisha vipimo ilikwama, kikawa kinatuma joto tu kwa ishara hafifu, kama dakika 20 hivi: nyuzi 475, bila kubadilika. Kutobadilika huko ndiko kulikowaambia wanasayansi kwamba kimeshatua, na kutoka hapo wakakadiria kuwa kanieneo ya hewa ni kama mara 90 ya huku kwetu.

"Satelaiti hupima joto la bahari bila kugusa maji."

Kweli nusu. Haigusi maji, lakini miale ya infraredi inayoisoma hutoka kwenye ngozi nyembamba mno ya juu ya bahari, chini ya milimita moja. Kilichopo mita tano chini yake hupimwa na maboya. Halafu, ili satelaiti isijidanganye, lazima itazame kitu ambacho joto lake linajulikana kwa hakika. Satelaiti ya Ulaya ya Sentinel-3A, iliyorushwa 2016, imebeba vyungu viwili vyeusi kwa kazi hiyo, kimoja baridi na kingine cha moto, na joto la vyungu hivyo husomwa na vihisi vya platini vilivyobandikwa humo. Mawingu yakitanda juu ya bahari, infraredi husoma vilele vya mawingu, si maji, kwa hiyo ramani ya siku hiyo hujazwa kwa vipimo vya mawimbi ya maikro na vya maboya.