Mnunuzi wa mtandaoni asipotokea mpakani: muuzaji ajilinde vipi?

BIASHARA ya kuuza vitu vilivyotumika kwa njia ya mtandao imewawezesha watu wengi wa Afrika Mashariki kupata wateja nje ya nchi zao. Mtu wa Arusha hupiga picha cherehani yake, akaitangaza, na kabla ya jioni anapigiwa simu kutoka Nairobi. Tatizo huanza pale mnunuzi anaposema "niwekee, nakuja Ijumaa", kisha Ijumaa ikafika na simu yake haipatikani.

Kwa muuzaji wa mjini, hasara ya ahadi hiyo ni ndogo. Kwa anayeuza kuvuka mpaka ni kubwa zaidi, kwa sababu huenda amekwishalipa nauli ya mzigo hadi Namanga, amelipia mahali pa kuuhifadhi, na amewakataa wateja wengine wawili waliokuwa na fedha mkononi.

Neno si malipo

Kanuni ya kwanza ni kutomwekea mtu mali bila arbuni. Mnunuzi wa kweli hapati shida kutanguliza sehemu ya bei, na anayetaka kujaribu bei tu hujitoa mapema. Arbuni iwe walau ya kutosha kulipia usafiri wa kwenda mpakani na kurudi, ili mzigo ukirudi muuzaji asiumie.

Arbuni iende pamoja na siku ya mwisho. Andika ujumbe mfupi ulio wazi: kitu gani, kasoro zake, bei kamili na sarafu yake, kiasi kilichotangulizwa, siku na saa ya kuchukua, na kitakachofanyika kwa arbuni iwapo mnunuzi hatatokea. Mwombe ajibu "nimekubali". Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutaja kasoro kuna faida nyingine. Wanunuzi wengi wasumbufu husubiri mzigo ufike, ndipo waseme una mkwaruzo na kutaka bei ipunguzwe. Picha ya mkwaruzo huo ikitumwa mapema, hoja hiyo inakwisha.

Tazama salio, si ujumbe

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu 2015 fedha zinaweza kutumwa kati ya M-Pesa za nchi hizo mbili. Matapeli nao wamejifunza. Mmoja hutuma ujumbe unaofanana na wa malipo kutoka namba ya kawaida. Mwingine hudai ametuma zaidi kwa makosa na kuomba arudishiwe tofauti haraka. Usitoe mzigo wala kurudisha shilingi kabla hujaangalia salio lako mwenyewe.

Fahamu pia kuwa mtumaji aliyekosea namba anaweza kuomba kampuni ya simu irudishe fedha. Utaratibu huo ni mzuri, lakini mnunuzi mwenye nia mbaya anaweza kuutumia akiwa tayari na mali mkononi. Ujumbe wenu wa makubaliano, pamoja na saini yake siku ya kupokea, ndio utakaoonyesha kuwa fedha zilikuja mahali pake.

Ushuru ni wa nani?

Mauzo mengi huvunjika mpakani kwa sababu suala la ushuru halikuzungumzwa. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Friji au televisheni iliyotoka Dubai au Japani haipati nafuu hiyo kwa kuwa tu imetumika Tanzania. Kubalianeni mapema nani atalipa, na muulize wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka.

Akichelewa, sheria inasemaje?

Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zote zilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa jumla, muuzaji ambaye hajalipwa anaweza kuizuia mali iliyo mikononi mwake. Akimpa mnunuzi taarifa kuwa anakusudia kuiuza kwa mwingine, na mnunuzi asilipe katika muda wa kutosha, anaweza kuiuza tena na kudai fidia ya hasara.

Kwa hiyo usiuze kimya kimya. Tuma ujumbe: "Muda tuliokubaliana umepita. Usipolipa hadi kesho saa kumi jioni, nitauza kwa mwingine." Ujumbe huo humstua aliyesahau, na hukulinda dhidi ya atakayekuja wiki ijayo akidai umemdhulumu.

Kenya ina pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya. Hata hivyo, kumfuata mtu mahakamani katika nchi nyingine hugharimu nauli na siku za kazi. Kwa cherehani moja, gharama hiyo huweza kuzidi bei yenyewe.

Ndiyo maana kinga iliyo bora ni ile ya mwanzo. Mzigo usiondoke nyumbani kabla ya arbuni kuonekana kwenye salio, na usivuke mpaka kabla ya bei yote kulipwa.