Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Bei ya Kuchora kwa Kompyuta

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mzinga wa nyuki kule Mwingi, lango la chuma mjini Wote, hata kiti unachokalia ukisoma makala haya, vyote vilianza kama mchoro, ama karatasini ama kichwani mwa fundi. Siku hizi mchoro huo waweza kuchorwa kwa kompyuta. Swali ni moja tu: ni pesa ngapi? Na sisi tunaochora kwa kupenda, bila mshahara, tutaziweza?

Tuanze na faida. Chukua ule mzinga wa Kenya wenye vijiti vya mbao juu yake, uliobuniwa miaka ya 1970. Kila kijiti hutakiwa kuwa na upana wa milimita 32 hivi. Ukikosea kipimo, nyuki watajenga masega yakivuka kutoka kijiti hiki hadi kile, na siku ya kurina asali utaharibu yote. Karatasini, kubadilisha kipimo kimoja ni kufuta na kuchora upya. Kwa programu nzuri ya kompyuta wabadilisha tarakimu tu, na mchoro unajirekebisha wenyewe.

Haya, twende kwenye bei. Programu mashuhuri kuliko zote ni AutoCAD, iliyotolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982. Wakati huo iliuzwa kiasi cha dola 1,000, nawe ukishalipa, ni yako. Tangu mwaka 2016 kampuni hiyo iliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Sasa mtu hulipa ada. Ada ya mwaka mmoja ni kama dola 2,000. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 258,000! Hebu mfikirie mzazi anayeuza ndengu Kitui au maembe Makueni. Atauza magunia mangapi ili mwanawe achore mzinga? Na mwaka ukiisha, alipe tena.

Hapo ndipo wengi hushawishika kuchukua kopi ya wizi kwenye flashi. Tahadhari! Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda programu za kompyuta sawa na vitabu. Aidha, kopi hizo mara nyingi huja na virusi, na michoro yako yote ikapotea.

Je, tufanye nini basi? Njia zipo, ila kila moja ina mlango wake.

Kwanza, mwanafunzi hupewa programu za Autodesk bure, mwaka mmoja mmoja, mradi athibitishe kwamba anasoma. Lakini hizo ni za masomo tu. Fundi wa jua kali akikulipa umchoree lango, umeshavunja masharti.

Pili, kuna Fusion ya matumizi ya binafsi. Ni bure, lakini michoro unayoweza kuihariri kwa wakati mmoja ni 10 pekee. Onshape nayo ni bure, ila michoro yako huonekana na watu wote duniani. Tinkercad ni rahisi hata kwa mtoto, lakini yahitaji intaneti. Bando likiisha, kazi imesimama.

Tatu, ziko programu huria. LibreCAD ni ya michoro bapa, nayo haihitaji kompyuta ya nguvu nyingi. FreeCAD, iliyoanza kutolewa mwaka 2002 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2024, huchora vitu vyenye urefu, upana na kina. Ukishazipakua mara moja, zafanya kazi bila intaneti, na waruhusiwa kuchora kwa malipo. Bei yake ni subira: FreeCAD haifunzwi kwa siku moja, ati.

Kumbuka pia kwamba bei ya programu si bei yote. Kuna kompyuta yenyewe, kuna stima, kuna bando la kupakua. Kwa hiyo wanafunzi wakishirikiana, mmoja apakue, kisha awagawie wenzake kwa flashi. Kwa programu huria huo si wizi. Leseni yenyewe yaruhusu.

Ushauri wangu ni huu: kabla ya kuchagua, uliza maswali matatu. Nitalipa nini kuingia? Nitalipa nini kuendelea? Na nikiacha kulipa, michoro yangu nitaifungua kwa nini? Swali la tatu ndilo husahauliwa, nalo ndilo huuma. Hifadhi nakala ya michoro yako bapa katika mtindo wa DXF, ambao programu nyingi huusoma.

Wenzangu, asiyeweza laki mbili na ushei bado aweza kuunda. Anza na mzinga mmoja, uchore, upeleke kwa seremala, uone kama vijiti vitakaa sawa. Nyuki hawatauliza ulichora kwa programu ya bei gani.