Harufu ya insulini si ishara ya kuharibika

Iwapo wewe ni mgonjwa wa kisukari unayejidunga insulini, bila shaka umewahi kunusa ile harufu kali inayofanana na dawa ya kuoshea sakafu za hospitali. Wengine hudhani dawa imeharibika. La hasha! Hiyo ni harufu ya metakresoli au fenoli, kemikali zinazotiwa makusudi ili kuzuia bakteria.

Insulini ni protini, kama ute wa yai. Ukiichemsha, imekwisha kazi. Kwa sababu hiyo viwandani huondolewa viini kwa kuchujwa, si kwa moto. Lakini kichupa cha mililita 10 hutumiwa kwa wiki kadhaa, na kila sindano inapotoboa kifuniko cha mpira, bakteria wa ngozini waweza kupenya nayo.

Kumpata mlinzi anayefaa si jambo rahisi, kwani kemikali inayoua bakteria yaweza pia kuivuruga protini yenyewe, ikafanya madonge. Kwa insulini tuna bahati: fenoli na metakresoli husaidia molekuli zake kushikana sita sita, na zikiwa hivyo hudumu zaidi. Dawa nyingine za protini hazivumilii kemikali hizo, ndiyo maana baadhi huuzwa katika vichupa vya kutumiwa mara moja tu. Kinachosalia humo hutupwa, hata kama kiliuzwa ghali.

Hata hivyo, mlinzi huyu hafui dafu mbele ya virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini. Sindano iliyomdunga mtu mwingine isiingie kamwe katika kichupa chako, hata awe ni ndugu yako wa tumbo moja.

Tena ana muda wake. Aina nyingi za insulini hazifai kupita siku 28 baada ya kichupa kutobolewa kwa mara ya kwanza. Najua inauma kumwaga dawa uliyoinunua kwa shida, lakini kidonda au jipu mahali pa sindano huuma zaidi. Andika tarehe kwenye lebo siku hiyo hiyo. Usiizimue dawa kwa maji, kwani unamzimua na mlinzi.

Insulini ambayo kwa kawaida ni maangavu ikiwa na ukungu, irudishe kwa mwuza dawa. Ile ya rangi ya maziwa isikutie wasiwasi, mradi ukiiviringisha viganjani haibaki na madonge.