Kupima Kabla ya Sindano: Utangulizi

Chukua karatasi ya majibu ya maabara. Juu kabisa, karibu na namba ya mgonjwa, pana kisanduku cha jinsia: ME au KE. Wengi hatukioni. Lakini kisanduku hicho ndicho kinachoamua damu yako italinganishwa na damu ya nani. Hemoglobini ya 16.5 kwenye karatasi ya KE hutoka na alama ya kuashiria kwamba imezidi. Kwenye karatasi ya ME damu hiyohiyo haina neno. Sasa mpe karatasi hiyo mwanamume aliyezaliwa akaandikwa msichana, ambaye ametumia testosteroni mwaka mzima na vyeti vyake bado vinasema KE. Ile alama isomwe vipi?

Taaluma ninayokukaribisha ndani yake, ya kupima hatari za testosteroni kwa mtu kama huyo, inaanzia hapo, na kurasa nyingi zijazo zitakurudisha palepale. Kabla hatujaingia, neno moja kuhusu majina. Huyo mtu nitamwita mwanamume wa trans. Baadhi ya wasomaji watalikumbuka neno huntha, lakini huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo bayana ya kike wala ya kiume, na hilo ni somo jingine.

Dawa yenyewe si ngeni. Testosteroni ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Miaka minne baadaye, mjini Bristol, Uingereza, Michael Dillon alianza kumeza vidonge vyake. Alikuwa amehitimu Oxford, lakini siku hizo alifanya kazi kwenye gereji, akiwajazia watu petroli huku sauti ikikwaruza na ndevu zikiota. Kabla yake hapakuwa na rekodi ya kuegemea. Mwaka 1946 alichapisha kitabu chake kuhusu maadili na homoni, kisha akamalizia udaktari Dublin. Mgonjwa alilazimika kuwa mtafiti, na tabia hiyo haijawatoka wanaume wa trans hadi leo. Daktari anayewapokea ajiandae kuulizwa maswali magumu.

Maswali mengine, hata hivyo, ni mepesi kuliko mtu anavyotarajia. Fungua ampuli ya testosteroni ya sindano, uivute: inapanda taratibu, nzito, yenye rangi ya manjano. Ni mafuta. Aina moja inayotumika sana Ulaya imeyeyushwa katika mafuta ya karanga, nyingine katika mafuta ya mbarika, na zile za Marekani mara nyingi ni za mbegu za pamba. Kwa hiyo mtu ambaye karanga humvimbisha midomo anapaswa kulisema hilo kabla ya lolote kuhusu moyo au ini. Hofu ya ini, kwa kweli, tumeirithi kutoka kwenye vidonge vya zamani vya methiltestosteroni vilivyolidhuru. Sindano na jeli za leo hazina sifa hiyo.

Hofu yenye msingi ni ya damu kuwa nzito. Testosteroni huuhimiza uboho utengeneze seli nyekundu. Njia ya jadi ya kuzipima ni hii: damu huzungushwa kwa kasi ndani ya mrija mwembamba, seli nyekundu zikajikusanya upande mmoja, kisha hutazamwa zimejaza sehemu gani ya mrija. Zikipita nusu, daktari huanza kuwa macho. Kliniki ya Amsterdam, ambayo imekuwa ikihudumia watu wa trans tangu 1972, ilichapisha mwaka 2021 takwimu za wanaume wa trans 1,073. Asilimia 11 walivuka nusu hiyo. Waliovuka asilimia 54, kiwango ambacho madaktari huchukulia hatua, walikuwa nusu ya asilimia moja tu. Mwaka wa kwanza ndio uliopandisha zaidi. Tena waliovuka hawakuwa wa kubahatisha tu: sigara, uzito mkubwa, umri, na sindano ya muda mrefu, vyote vilichangia. Ndiyo maana mashauriano mazuri hutumia muda mwingi kwenye pakiti ya sigara kuliko kwenye ampuli. Anayeishi nyanda za juu, Eldoret kwa mfano, akumbuke pia kwamba hewa ya huko peke yake hupandisha hemoglobini.

Turudi kwenye kisanduku. Kliniki hiyohiyo ya Amsterdam ilichunguza vifo, tena mwaka 2021. Wanaume wa trans walipolinganishwa na wanawake wa Uholanzi, vifo vyao vilizidi. Walipolinganishwa na wanaume, tofauti ya wazi haikuonekana. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni nani amewekwa upande wa pili wa mizani. Na kilichozidi kwa kulinganisha na wanawake hakikuwa ugonjwa ulioletwa na homoni, bali vifo visivyo vya maradhi, kujiua kukiwemo. Kolesteroli nzuri hushuka kwa testosteroni, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kama ni sawa ishuke hadi pale ilipo ya kaka za mhusika, au tuiite ugonjwa kwa sababu haifanani na ya dada zake.

Vifo hivyo vya kujiua ndivyo vinavyoniudhi nikisikia mtu akishauriwa "asubiri kwanza," kana kwamba kusubiri hakuna gharama. Huko Australia watafiti waliwagawa kwa kura watu 64 waliotaka kuanza: wengine wakaanza mara moja, wengine wakangoja miezi mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Sonona na mawazo ya kujiua vilipungua zaidi kwa walioanza kuliko kwa waliongoja.

Yapo ya kumzuia mtu asianze. Ujauzito ni la kwanza, kwa maana testosteroni humdhuru mtoto tumboni. Na hapa pana kosa ninalolisikia mara kwa mara: hedhi ikikatika, kwa kawaida ndani ya miezi sita, mtu hudhani mimba haiwezekani tena. Inawezekana. Testosteroni si njia ya uzazi wa mpango. Anayetaka watoto wa damu yake azungumzie mayai yake kabla ya kuanza. Mengine hayarudi nyuma: sauti ikishashuka haipandi tena, na upara ukiingia kwa urithi wa babu hautoki kwa kuacha dawa.

Shingo ya kizazi nayo, kama ipo, inahitaji kupimwa kama ya mtu mwingine yeyote, ingawa testosteroni huikausha na sampuli isiyotosha huwa ya kawaida zaidi. Anayehitaji kipimo hicho ana ndevu, na chumba cha kungojea kina picha za wajawazito ukutani. Robert Eads, wa Georgia, Marekani, aligunduliwa saratani ya ovari katika miaka ya 1990. Zaidi ya madaktari 20 walikataa kumtibu, wengine wakihofia wagonjwa wao wangesema nini. Alifariki mwaka 1999. Sijui nimweke kwenye sura ipi ya kitabu hiki. Hatari iliyomuua haimo kwenye orodha ya madhara ya dawa yoyote, na mwanafunzi anayehesabu hatari akamwacha nje atakuwa amehesabu vibaya.

Basi sura ya kwanza inaanza na jambo dogo: mrija mmoja wa damu, uliochukuliwa siku ambayo ampuli bado haijafunguliwa, presha ikaandikwa pembeni. Miezi mitatu baadaye mrija wa pili utakuja, na hapo hatutauliza kisanduku kinasema ME au KE. Tutamlinganisha mtu na yeye mwenyewe kwanza.