Bei ya Mtoto wa Mbwa Inalipia Nini? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mbwa wa ukoo, yule anayeuzwa pamoja na cheti cha wazazi wake, alivyopata nafasi katika nyumba za mijini. Leo tunaingia katika swali la fedha. Kwa nini mtoto mmoja wa mbwa auzwe kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, na papo hapo kituo kinachohifadhi mbwa waliookolewa kikupe mbwa aliyekwisha kuchanjwa kwa ada ndogo? Wengi hujibu haraka kwamba mmoja ni bora na mwingine ni mabaki. Jibu hilo si kweli, na limewaponza wanunuzi na mbwa pia.

Nitatumia mfano wa Uingereza mwaka 2020, kwa kuwa huko bei ilipanda ghafla na hesabu zikawekwa wazi. Tarehe 23 Machi mwaka huo serikali iliwaamuru watu wabaki majumbani kwa sababu ya korona. Mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kuwa na muda wa kufuga walijikuta wako nyumbani kutwa, wapweke, wakiwa na ruhusa ya kutoka mara chache tu, na kutembea kwa miguu ilikuwa mojawapo ya sababu zilizokubaliwa. Wakatafuta mbwa. Dogs Trust, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1891, lilifuatilia matangazo ya mauzo. Mwezi Machi, mtoto wa dachshund, yule mbwa mrefu mwenye miguu mifupi, alikuwa akiuzwa kwa wastani wa pauni 973. Mwezi Juni aliuzwa pauni 1,838. French bulldog alitoka pauni 1,251 akafika 1,905. Katika miezi hiyo mitatu chakula cha mbwa hakikupanda maradufu, wala chanjo. Basi ile nyongeza ililipia nini?

Tuanze na mwili wa mbwa wenyewe, maana ndipo siri ya soko ilipo. Jike huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka. Akipandwa, hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Watoto wakizaliwa wanahitaji ziwa la mama, kisha malezi yake, na hawafai kuondolewa kwake kabla ya wiki nane. Fanya hesabu. Mzalishaji mwaminifu aliyeamua kuongeza uzao siku ile ile watu walipofungiwa ndani, hata kama jike wake alikuwa tayari kupandwa siku hiyo, asingekuwa na mtoto wa kuuza kabla ya tarehe 20 Julai. Wateja walimtaka mwezi Aprili. Kiwanda cha sabuni kinaweza kuongeza zamu ya usiku. Tumbo la mbwa haliwezi. Kwa hiyo mahitaji yalipopanda, mbwa hawakuongezeka. Bei ikaongezeka.

Pengo kama hilo halikai wazi muda mrefu. Mzalishaji mwaminifu hawezi kulijaza upesi, basi hujazwa na watu wa aina nyingine: wenye mashamba ya kuzalishia mbwa, ambamo jike hupandwa kila anapoingia kwenye joto hadi mwili wake unaisha, wasafirishaji wanaovusha watoto wa mbwa kutoka Ulaya Mashariki wakiwa na karatasi za kughushi, na wezi. Wizi wa mbwa uliwatisha watu kiasi kwamba mwezi Mei 2021 serikali iliunda kikosi maalumu cha kuuchunguza, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria inayoufanya utekaji wa mbwa au paka kuwa kosa linalojitegemea, lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Hata kabla ya korona biashara hii ya gizani ilikuwa na fedha nyingi. Mamlaka ya kodi ya Uingereza iliunda kikosi cha kuwaandama wauzaji wa mbwa mwaka 2015, na kufikia mapema mwaka 2020 ilikuwa imedai zaidi ya pauni milioni 5 za kodi zilizofichwa katika mashauri 257 tu.

Sheria haikulala. Tarehe 6 Aprili 2020, wiki mbili tu baada ya amri ya kubaki nyumbani, ilianza kutumika England sheria inayojulikana kama Sheria ya Lucy. Lucy alikuwa jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la mbwa huko Wales, mwili wake ukiwa umeharibiwa na uzazi usio na mapumziko na maisha ya kizimbani. Alifariki mwaka 2016. Sheria iliyopewa jina lake inamkataza dalali kuuza mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi sita: lazima ununue kwa aliyemzalisha mwenyewe, au umchukue kwenye kituo. Kanuni za leseni za mwaka 2018 nazo zinamtaka mzalishaji mwenye leseni amwonyeshe mnunuzi mtoto akiwa na mama yake. Lengo ni moja: mama akionekana, hali ya shamba inaonekana. Lakini sheria hii nzuri ilizaliwa katika majuma ambayo watu hawakuruhusiwa kutembeleana. Wanunuzi wengi waliona video ya simu, wakalipa, wakaletewa mbwa mlangoni. Njia ya udanganyifu iliyokuwa inazibwa ikafunguliwa tena na karantini, na sioni wa kulaumiwa kwa hilo isipokuwa waliotumia nafasi hiyo.

Niseme neno la haki kuhusu mzalishaji mwema, maana yupo, na bei yake ya kawaida si wizi. Hupima nyonga na macho ya wazazi kabla ya kuwapandisha. Humlisha jike mjamzito na anayenyonyesha chakula kingi kuliko kawaida. Huwapa watoto dawa za minyoo na chanjo ya kwanza, na huwaweka katikati ya nyumba ili wazoee sauti, watoto, vyombo na wageni. Katika aina fulani gharama inaanzia kwenye kuzaliwa kwenyewe. Utafiti wa nchini Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa French bulldog ulifanywa kwa upasuaji. Kichwa cha mtoto ni kipana, nyonga za mama ni nyembamba, na mwanadamu ndiye aliyetaka umbo hilo. Anayenunua mbwa huyo analipia kisu cha daktari kabla mbwa hajafungua macho, na huenda akalipia kingine baadaye, maana pua fupi kiasi hicho humfanya mbwa apumue kwa shida. Dachshund naye, kwa urefu wa mgongo wake, huelekea kuumia diski za uti wa mgongo, na wengine hupooza. Hawa wawili ni miongoni mwa waliopanda bei kwa kasi zaidi mwaka 2020. Watu walilipa bei iliyopaa kwa mwili wenye kasoro ya kutengenezwa, na hilo linaniuma kuliko habari nyingine yoyote katika mkasa huu.

Sasa twende kwenye kituo. Kile mashuhuri kuliko vyote London, Battersea, kilianzishwa mwaka 1860 na mama mmoja, Mary Tealby, katika mtaa wa Holloway, kikahamia Battersea mwaka 1871. Vituo vya namna hii Uingereza hutoza ada ya kumchukua mbwa, ambayo kwa kawaida haizidi pauni mia chache. Katika ada hiyo mbwa huwa amechunguzwa na daktari, amechanjwa, amewekewa chipu ya utambulisho, na mara nyingi amehasiwa. Ukienda kununua huduma hizo moja moja, fedha zitakuwa nyingi kuliko ada yenyewe.

Na hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Ada ya kituo si bei ya mbwa. Kituo kimemlisha mbwa huyo kwa wiki au miezi, kimemlipa mtunzaji, kimemtibu, na kilichobaki bila kulipwa na wewe kimelipwa na wachangiaji, na watu walioacha wosia. Mbwa wa kituo hana bei rahisi; gharama yake wamekwisha kuibeba wengine. Kadhalika bei ya mtoto wa mbwa wa kununuliwa haielezi gharama yake yote. Akiugua, akishindikana, akitupwa, deni linahamia kwenye vituo hivyo hivyo. Anayefananisha pauni 1,900 na pauni 200 kana kwamba ni bei mbili za bidhaa moja hajaona kwamba ya kwanza imejaa faida ya muuzaji na ya pili imepunguzwa na sadaka ya watu asiowajua.

Deni lenyewe lilihama upesi. Mwezi Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1. Watu walirudi maofisini, kodi ya nyumba na umeme vikapanda, na gharama za tiba ya wanyama zikawa mzigo. Katika muda wa miaka kumi hivi, kliniki za mifugo zilizo mikononi mwa kampuni kubwa zilikuwa zimetoka asilimia 10 mwaka 2013 hadi karibu 60, jambo lililoifanya mamlaka ya ushindani wa biashara ya nchi hiyo kuanza kulichunguza soko hilo mwaka 2023. Mwaka 2022 Dogs Trust ilipokea maombi ya kukabidhi mbwa kwa wingi usio na mfano katika historia yake. Baadhi ya mbwa hao walikuwa wa kizazi cha korona. Ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea ulimwengu kwa urahisi kati ya wiki ya tatu na takriban ya 14. Anachokutana nacho katika majuma hayo hukiona cha kawaida maisha yake yote. Waliokulia katika nyumba zilizofungwa hawakuona wageni, hawakuachwa peke yao hata saa moja, na mwenye nyumba aliporudi kazini walilia, wakatafuna milango, wakauma watu.

Nisiwapambe wenye vituo kupita kiasi. Baadhi yao wana masharti magumu: bustani yenye uzio, kutokuwa na watoto wadogo, kuwepo nyumbani muda mwingi. Familia njema hukataliwa, kisha huenda kununua kwa dalali. Tena limezuka jambo la mbwa "waliookolewa" wanaoletwa kwa malori kutoka Ulaya Mashariki, na pamoja nao bakteria wa Brucella canis, ambao huharibu uzazi wa mbwa na wanaweza kumwambukiza binadamu. Neno uokoaji peke yake halitoshi. Omba majibu ya vipimo.

Haya yanatugusa vipi sisi wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Arusha? Hapa kwetu sehemu kubwa ya ununuzi inatokana na ulinzi. Mtu amejenga, ameweka geti, anataka German shepherd. Aina hiyo iliwekwa misingi mwaka 1899 na afisa wa jeshi wa Ujerumani, Max von Stephanitz, aliyetaka mbwa wa kuchunga kondoo mwenye akili na nguvu. Sifa hizo huhitaji kazi na mafunzo. Akifungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku bila kufundishwa kitu, hubaki na hofu na hasira. Mbwa wetu wa asili, tunayemwita koko kwa dharau, ana masikio yale yale ya kusikia nyayo kwenye kokoto, hula kidogo, na mwili wake haukubuniwa na mtu kwa ajili ya maonyesho. Kwa boma la kawaida ninamshauri yeye, na sisemi hivyo kwa sababu ya umaskini wa mfuko.

Vituo tunavyo. KSPCA ya Nairobi imekuwepo tangu mwaka 1910, na Arusha kuna Mbwa wa Africa. Vyote huwatibu mbwa walioachwa na kuwatafutia nyumba. Anayeamua kununua hata hivyo, aulize mambo haya na asikubali majibu ya juujuu: mama yuko wapi, na ninaweza kumwona sasa hivi? Mtoto ana wiki ngapi? Kadi ya chanjo imepigwa mhuri na daktari gani, na nambari yake ya simu ni ipi? Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi, huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu. Muuzaji wa kando ya barabara anayekuambia mtoto wa wiki sita "amemaliza chanjo zote" anakudanganya, na parvo inaweza kumuua mbwa huyo kabla hujamlipa daktari mara ya pili.

Tena gharama ya chanjo isiyotolewa haiishii getini kwako. Mwaka 1994 distempa iliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao. Virusi hivyo vilikuwa vikizunguka miongoni mwa mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi, mbwa ambao hakuna aliyewachanja kwa kuwa hakuna aliyewanunua. Ndiyo maana sehemu ya tatu, wiki ijayo, itahusu mbwa wasio na bei kabisa: wanazaliwa wapi, kuhasi jike mmoja kunazuia uzao kiasi gani, na kwa nini kampeni za kuwaua mbwa wa mitaani hazijawahi kumaliza kichaa cha mbwa, wakati kuchanja asilimia 70 yao kunaweza.